Mate, Damu na Vinasaba: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga mjini na pembezoni mwake, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu akiacha mate au damu yake mahali, maabara hupata nini humo, na sisi tulio nje ya maabara tunaharibu nini kabla kielelezo hakijafika? Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha kama waandishi wenyewe walivyoomba.

Damu isiyo na kiini

*Swali: Nasoma kidato cha sita. Tumefundishwa kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, na vinasaba hukaa ndani ya kiini. Sasa vinasaba vya kwenye damu wanavitoa wapi? Na kama mambo ndiyo hayo, kwa nini wasichukue mate tu? (Mwanafunzi, Chumbageni)*

Jibu: Mwalimu wako hakukosea. Wekundu wa damu hauna faida yoyote katika kupima vinasaba, tena unasumbua, kama utakavyoona. Kinachotafutwa ni chembe nyeupe. Mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Chembe nyekundu katika kiasi hicho hicho ni milioni 4 hadi 6. Nyeupe ni chache mno, ila zinatosha.

Piga hesabu. Seli moja ya binadamu yenye kiini hubeba takriban pikogramu 6.6 za vinasaba. Tone la damu la kidole kilichochomwa sindano ni kama mikrolita 50. Tukikadiria chembe nyeupe 5,000 kwa mikrolita, tone hilo lina seli 250,000, sawa na nanogramu 1,650 hivi (nanogramu moja ni pikogramu elfu moja). Vipimo vinavyotumika sana siku hizi vinahitaji nanogramu moja, wakati mwingine hata nusu yake, na nanogramu moja ni seli kama 150 tu. Hata ukipoteza sehemu tisa kati ya kumi njiani, bado una cha kupima na cha kurudia.

Mate yana habari yake. Yale majimaji yanayotoka kwenye tezi hayana vinasaba vya kutegemea. Vinavyohesabiwa ni vya seli zinazobanduka ndani ya mashavu, midomoni na kwenye ulimi, pamoja na chembe nyeupe zinazopenya kwenye fizi. Kwa hiyo kiasi hubadilika mtu na mtu, saa na saa. Aliyetoka kusukutua sasa hivi ana kidogo. Makadirio ya kawaida kwa mate mabichi ni nanogramu 1 hadi 10 kwa mikrolita, wakati damu hutoa 20 hadi 40. Zaidi ya hapo kinywa kimejaa bakteria wenye vinasaba vyao. Maabara makini haipimi tu jumla ya vinasaba vilivyomo. Hupima vya binadamu peke yake. Asiyefanya hivyo huona namba kubwa, akaongeza maji kuzimua, kisha kipimo kikatoka kitupu.

Hata hivyo, mtu akiwa hai na yupo mbele yako, mate ya shavuni yanashinda damu kwa wepesi: hayahitaji sindano, hayahitaji kutafuta mshipa, na hatari ya kuambukizana ni ndogo. Vinasaba vya shavuni na vya kwenye damu ni vile vile. Kuna watu wachache ambao hilo haliwahusu, hasa waliopandikizwa uboho: damu yao huonyesha vinasaba vya aliyewachangia, nywele zao hubaki zao, na swabu ya shavu, yaani kijiti chenye pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu, huchanganya vyote viwili.

Sasa huo usumbufu wa wekundu. Ile sehemu ya rangi ya damu yenye chuma huzuia kimeng'enya kinachonakili vinasaba. Usipoiondoa, una vinasaba tele na mashine haisomi kitu. Njia moja rahisi ya kuiondoa ilichapishwa mwaka 1991 na bado inafundishwa. Unakata kipande cha doa chenye upana wa milimita 3 hivi, unakiloweka katika mililita moja ya maji safi kwa dakika 15 hadi 30, chembe nyekundu zinapasuka na rangi inatoka. Unazungusha kwenye mashine dakika 2 au 3, unamwaga yale maji mekundu na kubakiza kama mikrolita 20 hadi 30 zenye mashapo pamoja na kitambaa. Unatia mikrolita 200 za punje za Chelex za asilimia 5, unapasha nyuzi 56 kwa nusu saa, unatikisa, unachemsha dakika 8, unazungusha tena. Punje hizo hukamata madini ambayo vimeng'enya waharibifu huyategemea. Kosa la wanaojifunza ni kunyonya punje zenyewe pamoja na maji ya juu: zikiingia kwenye hatua ya kunakili, hunyonya magnesi, na bila magnesi hakuna kinachonakiliwa.

Baada ya hapo vinasaba hunakiliwa kwa mizunguko ya joto, kwa kawaida 28 hadi 30. Kila mzunguko unazidisha mara mbili, kwa hiyo mizunguko 28 kinadharia hugeuza kipande kimoja kuwa zaidi ya milioni 268. Hapo ndipo nguvu yote ya mate kidogo inapotoka, na uchafu kidogo nao hupata nguvu hiyo hiyo.

Shati la damu ndani ya nailoni

*Swali: Mdogo wangu alipigwa na chupa iliyovunjika, shati likalowa damu. Mama alilikunja bichi hivyo hivyo, akalitia kwenye mfuko wa nailoni na kuliweka juu ya kabati. Polisi walilihitaji siku ya tano. Lilipofunguliwa lilikuwa na ukungu na linanuka. Ushahidi umekufa? (Kaka mtu, Makorora)*

Jibu: Mpe pole mgonjwa. Si lazima uwe umekufa, ila umejeruhiwa, na aliyeujeruhi ni unyevu zaidi ya zile siku tano. Doa la damu lililokauka vizuri na kukaa pakavu, penye giza, husomeka hata baada ya miaka mingi. Likibaki bichi ndani ya nailoni, bakteria na kuvu huanza kazi siku ile ile, na vimeng'enya vya seli zenyewe hukata vinasaba vipande vipande. Hewa ya Tanga imejaa maji mwaka mzima, na masika huwa balaa zaidi.

Alama zinazosomwa ni vipande vyenye urefu wa takriban jozi 100 hadi 450 za herufi za vinasaba. Vinapokatika, vile virefu ndivyo vinavyopotea kwanza. Kwenye mchoro wa matokeo, vilele vya upande wa kushoto husimama vizuri, vya kati hupungua, vya kulia hutoweka. Mtaalamu akiona mteremko huo anajua mara moja kilichotokea, na anaweza kurudia kwa vipimo vilivyoundwa kusoma vipande vifupi zaidi. Matokeo ya alama chache hayatoshi kila mara kumtaja mtu kwa uhakika mkubwa, lakini yanaweza kumwondoa kabisa asiyehusika, na hilo si jambo dogo.

Waambie wapelelezi ukweli wote: nani alilikunja, likiwa bichi kiasi gani, lilikaa wapi. Msilianike upya wala kukata sehemu zenye ukungu. Jambo jingine ambalo familia nyingi hulisahau: damu ya mdogo wako shatini haishangazi mtu. Anayeshika shingo ya chupa iliyovunjika mara nyingi hujikata kiganja chake mwenyewe. Kwa hiyo ombeni zitazamwe sehemu alizoshikwa: kola, mabega, mikono ya shati, na ndani ya mishono, ambako damu huingia na kukaa hata nguo ikifuliwa. Aliyekwisha kufua kwa sabuni asikate tamaa, apeleke nguo hivyo hivyo. Jiki ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu klorini huvunja vinasaba vyenyewe badala ya kuvisogeza tu.

Mahali ambapo polisi wanakuja, acha kitu kilipo. Ikibidi ukihifadhi mwenyewe, vaa glovu mpya. Tandaza karatasi safi kubwa, gazeti lililopita mikononi mwa watu halifai. Laza nguo juu yake chumbani, kivulini, mlango ukiwa umefungwa. Usianike juani, usipige pasi, usielekeze feni, usikung'ute. Kwetu pwani nguo nzito inaweza kuchukua usiku mzima na zaidi. Ikikauka, weka karatasi safi kati ya mikunjo ili doa lisigusane na sehemu nyingine, kisha tia kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, nguo moja bahasha moja. Ile karatasi uliyotandaza nayo ikunje uitie kwenye bahasha yake, maana chembe zilizobanduka zimo humo.

Bahasha usiilambe. Ukiilamba umeweka mate yako juu ya ushahidi, na huu ndio mchezo ambao watu wengi, wakiwemo waliosoma, hucheza bila kufikiri. Funga kwa selotepu pana, saini ipite juu ya selotepu na karatasi, andika ni nini, kimetoka wapi, tarehe, saa na jina la aliyekichukua. Stepla nayo iache: pini zinachoma vidole vya anayefungua, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini nailoni za mkate na za nguo mpya bado zimejaa majumbani, na mkono wa mama hukimbilia hizo kwanza kwa sababu hazivujishi. Kutovuja huko ndiko kunakooza vinasaba.

Kikombe cha kahawa barazani

*Swali: Barazani kwetu, barabara ya nane, muuza kahawa ana vikombe vichache na ndoo moja ya kusuuzia. Rafiki yangu anashikilia kwamba kikombe kimoja kinatosha kumtia mtu hatiani. Kweli? (Mzee wa kahawa, Ngamiani)*

Jibu: Kikombe cha baraza ni kielelezo kibovu, mzee wetu. Kwa kila alama, mtu mmoja ana maumbo mawili tu, moja la baba na moja la mama, wakati mwingine yote mawili yakifanana. Mchunguzi akiona maumbo matatu au manne mahali pamoja, anajua kuna zaidi ya mtu mmoja. Akiona matano, kuna watatu au zaidi. Kikombe kilichopita midomo ya watu kadhaa na kuchovywa kwenye ndoo ile ile kitampa mrundikano ambao huenda asithubutu kuutafsiri. Na hata akimpata mtu humo, mate hayasemi mtu alikunywa saa ngapi.

Kipisi cha sigara ni kizuri zaidi, mradi sigara haikuchangiwa. Hukatwa karatasi ya nje ya kichungi tu, upana wa sentimita moja pale midomo iliposhika, bila majivu. Makapi ya muwa, mswaki wa mti, mdomo wa chupa ya soda: vyote hivyo kwa kawaida ni vya kinywa kimoja.

Kisu cha samaki na mate ya tambuu

*Swali: Mimi ni mkata samaki Deep Sea. Kisu changu kikipimwa si kitaonekana kimechinja mtu? (Mkata samaki)*

*Swali: Ukuta wa jirani umejaa madoa mekundu. Mwenye nyumba anasema ni tambuu ya bibi, wengine wanasema damu. Maabara inatofautishaje? (Msomaji, Mabawa)*

Jibu: Tumeziweka pamoja kwa sababu zinahusu hatua ile ile, ya kujua doa ni la nini kabla ya kugusa vinasaba.

Kipimo cha awali cha damu ni hiki. Unasugua doa kidogo kwa ncha ya swabu au karatasi ya chujio. Unadondosha tone la spiriti ya ethanoli, kisha tone la dawa ya fenolifthaleini iliyoondolewa rangi. Unasubiri. Kisha tone la haidrojeni peroksidi ya asilimia 3. Rangi ya waridi ikitokea ndani ya sekunde chache, huenda ni damu. Zingatia hiyo "huenda". Ikitokea kabla ya peroksidi, kuna kitu kingine kwenye doa kinachounguza dawa, jiki kwa mfano, na jibu hilo halihesabiki. Ikitokea baada ya dakika nzima, nayo haihesabiki, maana dawa hiyo hugeuka yenyewe polepole ikikaa hewani. Viazi na mimea mingine yenye vimeng'enya vya peroksidi, pamoja na kutu, vinaweza kudanganya.

Damu ya samaki itatoa waridi, kwa sababu samaki ana himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Ndugu yetu wa Deep Sea asitishike: kinachofuata ni kijikaratasi cha kutambua himoglobini ya binadamu, kinachofanana na kile cha kupimia mimba. Hicho hakimjibu samaki, mbuzi wala kuku, ingawa humjibu nyani, na kwa ajabu yake, humjibu pia yule mnyama mdogo wa Ulaya jamii ya kicheche anayefugwa kuwindia sungura. Jambo linalowashangaza wanafunzi ni kwamba chembe nyekundu za samaki na za kuku zina kiini, kwa hiyo tone lao lina vinasaba vingi kuliko tone letu. Lakini vipimo vya kutambua watu vimetengenezwa kwa vinasaba vya binadamu, na vya samaki kama changu au kibua havitoi utambulisho wa mtu yeyote.

Wekundu wa tambuu unatokana na popoo ikikutana na chokaa na mate. Hakuna himoglobini humo, isipokuwa fizi za mtafunaji ziwe zinatoka damu, jambo ambalo kwa watafunaji wa siku nyingi ni la kawaida. Kwa hiyo doa la tambuu linaweza kuwa na mate mengi na damu kidogo, vyote vya mtu mmoja. Mate yenyewe hutambuliwa kwa amilesi, kile kimeng'enya kinachovunja wanga: karatasi yenye wanga uliofungwa na rangi ya buluu hubandikwa juu ya doa lililoloweshwa, na pale penye amilesi rangi huachia. Amilesi imo pia kwenye maziwa ya mama, kinyesi na kwa kiasi kidogo kwenye jasho, kwa hiyo jibu ni "huenda ni mate", basi. Vinasaba vya bibi vinaweza kupatikana ukutani, lakini utomvu wa popoo una tanini nyingi, na tanini huzuia kunakili kama ulivyo wekundu wa damu. Sampuli ya namna hiyo huoshwa zaidi au kuzimuliwa kabla ya kupimwa.

Alama ya meno

*Swali: Ni muuguzi wa zahanati. Tunaletewa wanawake waliong'atwa katika ugomvi au kubakwa. Tumezoea kusafisha kwa spiriti kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, baadaye. Nimeambiwa tunafuta ushahidi. Vifaa vyetu ni vichache. Tufanyeje? (Muuguzi, Pongwe)*

Jibu: Dada, uliyoambiwa ni kweli. Jeraha linalotoka damu nyingi litibiwe kwanza, hilo halina mjadala. Lakini kwa alama ya meno ambayo ngozi haikuchanika, au imechubuka tu, dakika tatu za kuchukua mate kabla ya kusafisha hazimdhuru mgonjwa.

Njia inayotumika ni ya swabu mbili, iliyoelezwa na David Sweet na wenzake mwaka 1997. Unahitaji swabu tasa mbili, maji tasa ya sindano, glovu na barakoa. Mweleze mgonjwa na apate kukubali. Piga picha ya alama ukiwa umeweka rula pembeni yake. Lowesha swabu ya kwanza kwa maji, isitiririke, kisha izungushe juu ya alama kwa miduara, ukibonyeza kiasi na kugeuza kichwa cha swabu ili pande zote ziguse. Maji hulegeza seli zilizokauka na kushikamana na ngozi. Papo hapo pitisha swabu ya pili, kavu, mahali pale pale. Hiyo hunyonya maji yaliyobaki pamoja na seli zilizolegea. Watu huitupa ya pili wakidhani haina kitu, na mara nyingi ndiyo yenye nafuu. Zote mbili ni sampuli moja.

Usibonyeze kwa nguvu. Ukisugua sana unabandua ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na vinasaba vyake vitafunika vya aliyemng'ata. Kama ngozi imechanika, pita pembezoni mwa damu, pale midomo na ulimi vilipogusa. Spiriti, iodini na zile swabu zenye majimaji ya kuoteshea vijidudu usizitumie kwa kazi hii.

Chukua pia swabu moja ya shavuni mwa mgonjwa, ili maabara ijue vinasaba vipi ni vyake. Zikaushe zikiwa zimesimama, vichwa visiguse kitu, saa moja hadi mbili, halafu kila sampuli na bahasha yake ya karatasi. Mkiwa na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, wekeni kimoja ndani ya boksi la bahasha, nje ya bahasha zenyewe. Usiongee wala kukohoa juu ya swabu bila barakoa. Mate yako nayo yana vinasaba.

Kama ni ubakaji, muulize kwa upole alibusiwa au kulambwa wapi, shingoni, kifuani, na uchukue huko pia kwa namna hiyo hiyo. Asioge wala kubadili nguo kabla. Akiwa na nguvu ya kusafiri, apelekwe hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, ushauri na polisi hupatikana mahali pamoja. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zina kikomo cha saa 72 na zisingojee ushahidi.

Maabara ikiona vinasaba vya mwanamke vimezidi mno, inaweza kusoma alama za kromosomu Y peke yake, ambazo mwanamke hana. Hapo mwanamume huonekana hata vinasaba vyake vikiwa sehemu moja katika mia. Lakini alama hizo hurithiwa baba kwa mwana bila kubadilika sana, kwa hiyo zinamgusa mtuhumiwa, baba yake, kaka zake na baba zake wadogo kwa pamoja. Anayetoa ushahidi mahakamani asipolisema hilo, ameficha nusu ya habari.

Mtoto anayenyonya

*Swali: Nina mashaka na mtoto wa miezi minne. Nikichukua mate yake na yangu kimya kimya nikapeleka kwa Mkemia Mkuu, watanipimia? (Baba, Duga)*

Jibu: Hapana, ndugu. Tangu mwaka 2009 nchi ina sheria inayodhibiti masuala ya vinasaba vya binadamu, na maombi ya mtu binafsi kujiingilia tu hayapokelewi. Unapitia kwa ofisa ustawi wa jamii, wakili, mahakama au mamlaka nyingine inayotambuliwa, nao wanaandika barua. Sampuli huchukuliwa na mtu aliyeidhinishwa, wahusika wakiwapo na vitambulisho vyao. Swabu ya siri haina thamani hata kitaalamu: nani atathibitisha kwamba ni ya mtoto huyo?

Kwa mtoto wa kunyonya kuna tahadhari yake. Maziwa ya mama yana seli za mama, na mtoto aliyetoka kunyonya sasa hivi atatoa swabu yenye watu wawili. Asubiriwe saa moja, kinywa kifutwe kwa maji safi, ndipo swabu isuguliwe ndani ya kila shavu kwa nusu dakika. Mtu mzima asile, asinywe wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Damu ikichukuliwa kwa bomba, liwe lenye kifuniko cha zambarau. Lile la kijani lina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini huzuia kunakili.

Alama moja isipolingana, maabara haikuambii si mwanao. Alama hizi hubadilika zenyewe kati ya mzazi na mtoto mara chache, kama moja hadi nne katika elfu kwa kila alama. Hutafutwa kutolingana kwa alama kadhaa ndipo neno hilo litamkwe.

Kwa kifupi

*Mapacha wa kufanana?* Vipimo vya kawaida haviwatenganishi. Alama za vidole huwatenganisha.

*Nikipewa damu hospitali, vinasaba vyangu vinabadilika?* Hapana. Chembe nyeupe za mchangiaji ni chache na hufa.

*Kipimo kinaonyesha Ukimwi?* Hakionyeshi. Alama zinazosomwa huchaguliwa kutambulisha mtu, na kwa Virusi vya Ukimwi kuna kipimo chake.

Maabara nayo hukosea?

*Swali: Wakili wangu anasema vinasaba havipingiki. Je, ni hivyo? (Mtuhumiwa aliyeachiwa kwa dhamana, Sahare)*

Jibu: Vinapingika, tena kwa hoja nzuri. Uingereza, mwaka 2011, kijana wa Exeter alishtakiwa kwa ubakaji uliotokea Manchester, mji ambao alisema hajawahi kukanyaga. Mate yake yalikuwa yamepimwa katika maabara ile ile kwa kesi nyingine ya kutemeana mate, na trei ya plastiki iliyotakiwa kutupwa ilitumika tena. Alikaa mahabusu miezi kadhaa kabla ya kosa kugunduliwa mwaka 2012. Ujerumani nayo ilimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikuwa vinaonekana kwenye matukio zaidi ya 40, kuanzia mauaji hadi wizi mdogo. Mwaka 2009 ikabainika ni vya mfanyakazi wa kiwanda kinachotengeneza swabu. Swabu zilikuwa tasa, na utasa huua vijidudu lakini hauondoi vinasaba.

Kwa hiyo mwambie wakili aombe mambo matatu. Kwanza, orodha ya kila mkono uliopokea kielelezo, na tarehe na saini. Pili, mchoro wenyewe wa matokeo, si barua ya ukurasa mmoja inayosema "vimelingana". Tatu, na hili mawakili wengi hawalijui, matokeo ya sampuli tupu. Kila kundi la sampuli hupitishwa pamoja na mrija usiotiwa kitu ila dawa, na hupaswa kutoka mweupe. Ukitoka na kilele chochote, kila kilichopimwa siku hiyo kwa dawa hizo kina swali la kujibiwa.